Mwanamke Ndani ya Mashine ya Bwana Thurlby

SEHEMU YA TISA

Wiki nzima Restuta amekaa gizani akitusubiri. Tusimcheleweshe.

Kwa aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza: Restuta Kokugonza alikuwa mwalimu wa sayansikimu Bukoba. Sasa ni msafishaji kwenye makumbusho madogo ya Kampuni ya Thurlby, huko Edmonton, kaskazini mwa London. Jumamosi asubuhi alikuwa anafuta vumbi kwenye ile mashine maarufu ya kumenya ndizi, aliyoibuni marehemu Bwana Obadiah Thurlby mwaka 1884. Kitambaa kikanasa kwenye msumari. Kibao cha shaba kikafunguka kama mlango wa kabati. Restuta akaingiza kichwa, akaingiza mabega, akaingia mzima. Mlango ukajifunga nyuma yake, na nje akasikia nyayo za watu zikija.

Akawasha tochi ya simu. Kilichomshtua kilikuwa kigoda.

Kijitabu wanachopewa wageni kinasema tumbo la mashine hiyo lina visu thelathini na viwili vinavyojiendesha vyenyewe. Restuta alikuta kigoda kimoja cha mbao, kimelika katikati kwa kukaliwa. Alikuta rafu moja, na juu yake kisu kimoja. Mbao zote zilikuwa na madoa meusi, na madoa yale hakuhitaji mtu wa kumwambia ni ya nini. Alivaa sketi ya shule yenye madoa hayohayo miaka saba. Ulikuwa utomvu wa ndizi mbichi.

Akainua tochi kutazama gia, zile gia kubwa za shaba zinazopigwa picha na kila mgeni. Gia ya kwanza imeshika ya pili, ya pili imeshika ya tatu. Akazifuata kwa macho mpaka ya mwisho.

Ya mwisho ilikuwa imefungwa kwenye kengele.

Yaani unazungusha mpini huko nje, mashine nzima inanguruma, na kazi yote inayofanyika ni kengele kulia, ting.

"Mawe!" alinong'ona, kama wanavyosema kwao mtu akishtuka.

Nje sauti zikafika. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Rupert Ainslie, Mkurugenzi wa Urithi wa kampuni, mtu anayevaa tai yenye picha za ndizi hata msibani.

"Wageni wanafika saa nane," alikuwa anasema. "Bi Philippa Hargrave anakuja mwenyewe. Kampuni yake ikitununua, tumepona. Isipotununua, makumbusho na ghala vinafungwa mwisho wa mwezi. Ametaka jambo moja tu, aione mashine ikifanya kazi."

"Na inafanya kazi?" Sauti ya pili Restuta aliijua vizuri sana. Alikuwa shemeji yake Telesphor, kaka wa mumewe, Mwenyekiti wa Umoja wa Watanzania wa Kaskazini mwa London, kwa maoni yake mwenyewe mwenyekiti wa maisha.

"Profesa wa uhandisi amekuja mara tatu. Anasema inakaribia."

"Msiwe na wasiwasi," Telesphor alisema. "Nitazungumza mimi. Utafiti wangu unaonyesha kuwa Bwana Thurlby alionjeshwa ndizi ya kwanza na baharia, na baharia yule alitoka kwetu."

"Utafiti gani huo?"

"Wangu."

Restuta alitaka kucheka akajizuia. Vumbi la miaka mia moja na arobaini likampanda puani. Akapiga chafya.



"Ni yeye!" Telesphor akapiga kelele kwa Kiswahili. "Ni marehemu! Yesu na Maria, marehemu amekuja!"

"Ni mimi, shemeji," Restuta akasema, akasukuma kibao cha shaba, akatoa kichwa nje na utando wa buibui kwenye kilemba.

Akajua kazi imekwisha. Mtu hafumaniwi ndani ya tumbo la urithi wa kampuni akabaki na kazi. Akaanza kutafuta maneno ya kujitetea.

Lakini Bwana Ainslie hakumtazama yeye. Alikuwa anatazama kigoda. Akatazama kisu. Akatazama kengele. Uso wake ukawa mweupe, ukawa mwekundu, halafu, polepole, ukaanza kutabasamu.

"Restuta," alisema kwa upole ambao hajawahi kuutumia kwake. "Wewe unatoka wapi kule Tanzania?"

"Bukoba."

"Na huko mnakula nini?"

"Ndizi."

Bwana Ainslie akafumba macho kama mtu aliyejibiwa sala.

*

"Siingii," Restuta alisema.

Walikuwa wamekaa jikoni kwa wafanyakazi, saa tano na nusu. Bwana Ainslie alikuwa amemmiminia chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu makumbusho yafunguliwe.

"Hutaitwa msafishaji tena," Mkurugenzi alisema. "Utaitwa Mtendaji wa Uhuishaji wa Urithi."

"Nitafanya nini?"

"Utakaa ndani ya mashine umenye ndizi."

"Huo ni uongo."

"Ni mwendelezo wa kihistoria."

Telesphor akakohoa. "Shemeji, fikiria heshima kwa Taifa. Mashine ya Mwingereza, mkono wa Mtanzania!"

"Mkono ambao hakuna atakayeuona?"

"Nitautaja kwenye hotuba."

"Utautaja?"

Telesphor akamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Nitautaja kwa mafumbo," Telesphor akasema.

Restuta akasimama ili aende zake, na hapo mlango ukafunguka akaingia Josée na ndoo. Josée alikuwa msafishaji mwenzake, mwenyeji wa Bukavu, na alimwita Restuta yaya. Kwao maana yake ni dada mkubwa, ingawa mara ya kwanza Restuta alidhani anaambiwa alee watoto.

"Yaya, niko nasikia hapa watafunga," Josée alisema. "Njo kweli?"

 Josée akaweka ndoo chini taratibu.

Restuta alijua kwa nini anauliza. Josée alikuwa na binti, Gloire, wa miaka kumi na miwili, aliyebaki Bukavu kwa bibi yake. Ombi la kumleta lilikuwa mezani kwa maofisa tangu mwezi wa pili, na karatasi ya kwanza katika lile faili ilikuwa barua ya mwajiri. Kazi ikiisha leo, ile barua inabaki karatasi ya kufungia karanga.

Restuta akakaa tena.

"Ndizi mmenunua?" akauliza.

Bwana Ainslie akakimbia akarudi na kreti. Ndani yake zilipangwa ndizi za njano zilizoiva vizuri, kila moja na kijikaratasi cha supamaketi.

Restuta akacheka mpaka machozi. "Hizi hata mtoto anamenya kwa meno. Mashine ya nini? Nileteeni mbichi, za kijani, ngumu. Josée, nenda dukani kwa Bhanu pale karibu na stesheni, mwambie ni mimi, atakupa mikungu miwili. Na mafuta ya kupikia, ya kupaka mikononi. Na kisu changu kile kidogo kwenye kabati langu, cha Bwana Thurlby kina kutu."

"Kwa hiyo unakubali?" Bwana Ainslie akauliza, mikono imekutana kifuani.

"Mara moja," Restuta alisema. "Na si kwa ajili yako."

*

Saa nane ukumbi ulijaa. Walikuwapo madiwani, walikuwapo wapiga picha, walikuwapo wanaurithi, wale wapenzi wa mambo ya kale, wamevaa kofia ndefu za zamani bila mtu kuwaomba. Mstari wa mbele alikaa Bi Philippa Hargrave, suti nyeupe kama karatasi, kalamu mkononi.

Restuta alikuwa kwenye kigoda, magoti yamegusana na chuma, mikono inang'aa mafuta. Kisu kidogo kilikuwa pajani. Josée alikuwa amekibana kibao cha shaba kwa nje na kusimama mbele yake na kreti la ndizi, eti msaidizi wa mashine, kazi yake kuzitumbukiza kwenye mdomo wa juu.

Bwana Ainslie akaanza kusimulia maisha ya mwanzilishi.

"Obadiah Thurlby alizaliwa katika chumba kimoja, baba mlevi, mama mgonjwa. Akiwa na miaka sita alianza kuuza uji barabarani!"

Restuta aliwahi kufuta meza wakati hotuba hiyo ikitolewa mwaka juzi. Mwaka juzi Bwana Thurlby alikuwa ameanza akiwa na miaka kumi. Mwaka jana minane. Kwa mwendo huo, baada ya maadhimisho manne atakuwa anauza uji kabla ya kuzaliwa.

"Siku moja bandarini akaona meli ikishusha ndizi. Wengine waliona tunda. Yeye aliona mustakabali! Akabuni Unga wa Ndizi wa Thurlby, kwa watoto wachanga na wagonjwa. Na madaktari walipouliza juu ya usafi, akabuni mashine hii. Mabwana wakubwa wa London walikuja kuitazama ikimenya dazeni tatu kwa dakika mbili, wakanunua hisa palepale. Akapata medali nne!"

Moja kati ya hizo nne alijitunuku mwenyewe, lakini hilo limeandikwa kwa herufi ndogo.

"Na kwenye kila kopo aliandika maneno yanayosomeka mpaka leo: Bila Mkono wa Binadamu!"

Makofi.

Akapanda Telesphor. Restuta akashusha pumzi. Shemeji yake akianza na "kwa ufupi tu", unaweza kwenda kuoga ukarudi.

"Kwa ufupi tu," Telesphor alianza.

Dakika kumi zikapita. Miguu ya Restuta ikaanza kufa ganzi. Akawasha tochi ya simu kwa mwanga mdogo ili ajinyooshe bila kugonga kengele, na hapo akaona ukutani, usawa wa macho yake, jambo ambalo asubuhi hakuliona.

Vilikuwa vistari. Vidogo, vilivyokwaruzwa kwa ncha ya kisu kwenye chuma, vitano vitano, safu kwa safu, kutoka juu mpaka sakafuni. Restuta aliwahi kusahihisha madaftari ya wanafunzi mia mbili kwa jioni moja, na bado hesabu ile ilimshinda. Ilikuwa ni miaka ya mtu.

Chini ya vistari yalikuwapo maneno ya Kiingereza, herufi za mtu ambaye shule hakuifika mbali. Restuta akayasoma kwa sauti ya chini, akiyageuza kwa lugha yake ili ayasikie vizuri.

"Mashine ni mimi. Dorcas Pell."

Akaweka kidole juu ya jina. Akakitoa. Akakirudisha.

Mle ndani mkawa finyu zaidi. Ghafla ule mbonyeo kwenye kigoda haukuwa mbonyeo tena, alikuwa amekalia mahali pa mtu.

"...na ndiyo maana," Telesphor alikuwa anahitimisha kwa mara ya nne, "Thurlby ni wenu kwa kuzaliwa, lakini kwa ndizi ni wetu!"

Mpini ukazungushwa. Gia zikanguruma. Ting!

Ndizi ya kwanza ikaporomoka kutoka mdomo wa juu.

Mkono wa Restuta ulijua kazi kabla yeye hajaamua. Kata kichwa, kata mkia, pasua maganda, yavue kwa kidole gumba, rusha. Ndizi ikatoka mdomo wa chini nyeupe na nzima kama yai. Ukumbi ukasema "Aaah!" Ya pili. Ya tatu. Dazeni ya kwanza ikaisha kabla Bwana Ainslie hajabadilisha mkono kwenye mpini.

"Ajabu!" Restuta akasikia sauti ya Bi Philippa. "Kasi zaidi inawezekana?"

"Bila shaka!" Mkurugenzi akajibu akihema. "Mashine haichoki!"

"Ile gia ya kushoto ndiyo inayochagua unene wa ganda," Telesphor alikuwa anamweleza diwani, kwa uhakika wa mtu aliyeibuni.

"Na inaweza kusafiri?" Bi Philippa akauliza. "Tungeipeleka Manchester, Paris, Dubai. Maonyesho manne kwa siku."

"Sita!" Bwana Ainslie akasema. "Bi Hargrave, hii imejengwa kufanya kazi siku nzima bila kusimama. Hakuna mkono wa binadamu ndani yake. Hakuna, na haukuwahi kuwapo!"

Mkono wa binadamu ukasimama.

Restuta akatazama jina ukutani. Haukuwahi kuwapo? 

Akachukua ndizi iliyofuata, akaimenya. Halafu kwa ncha ya kisu akaichora: D, O, R, C, A, S. Akairusha. Akachora ya pili. Ya tatu. Ya tano. Ya kumi. Ndizi mbichi ikichanwa haichukui muda kuwa nyeusi, na herufi zikaanza kujitokeza mezani mbele ya watu.

"Imeandika!" mtu akapiga kelele. "Mashine imeandika jina!"

Restuta akashika pumzi. Sasa watauliza, aliwaza. Sasa watataka kujua Dorcas ni nani.

"Ni ubunifu wa hali ya juu!" Bi Philippa akasimama. "Bidhaa yenye jina la mteja! Inaweza kuandika langu? Philippa, P mbili mwishoni!"

"Andika Kenneth!" akadakia diwani.

"Andika Heri ya Kuzaliwa!"

"Andika Umoja wa Watanzania wa Kaskazini mwa London!" Telesphor akapaza sauti, bila huruma kwa urefu wa ndizi.

Nje ya mashine watu thelathini walikuwa wanaliambia sanduku la chuma majina yao. Ndani, mwalimu Restuta Kokugonza akaweka kisu pajani.

"Josée," akaita kwa Kiswahili, kwa sauti ya darasani. "Fungua."

Bwana Ainslie akaruka mbele ya kibao cha shaba. Josée akamtazama. Akatazama kreti mikononi mwake. Restuta alijua anachokifikiria, maana na yeye alikuwa anakifikiria: Gloire, faili, barua ya mwajiri.

"Josée," akasema tena, taratibu. "Usifungue kama hutaki. Nitakaa."



"Apana, yaya," Josée akasema. "Nilifungiwa mara nyingi mu maisha. Mi sifungie mutu." Akamkabidhi Mkurugenzi kreti zima la ndizi kifuani, akamsogeza kwa bega, akavuta kibao.

Restuta akatoka. Mafuta mpaka kwenye viwiko, maganda kwenye sketi, kisu mkononi.



"Hakuna mashine," akasema kwa Kiingereza, polepole, kila mtu asikie. "Haijawahi kuwapo. Alikuwapo mwanamke anaitwa Dorcas Pell. Alikaa humu miaka na miaka akimenya ndizi ili Bwana Thurlby asifiwe. Jina lake liko ukutani. Leo nilikuwa mimi."

Sekunde moja. Mbili. Tatu.

Halafu makofi yakalipuka.

Watu walisimama. Wanaurithi wakarusha kofia. Mama mmoja alikuwa anafuta machozi na kumwambia mwenzake kwamba hajaona mchezo wa kuigiza wa namna hii tangu aanze kulipia tiketi.

"Nilikuwa nawawekea kama mshangao!" Bwana Ainslie akadakia haraka, mkono begani kwa Restuta. "Msanii wetu mkazi!"

"Shemeji yangu huyo!" Telesphor akapiga kelele. "Wa damu kabisa!"

"Huu si mchezo!" Restuta akasema.

"Anabaki kwenye uhusika," diwani akanong'ona kwa heshima. "Mzuri sana."

Jamani. Umewahi kusema kweli mpaka ukashangiliwa? Restuta hakuwa amejiandaa kwa hilo. Alijiandaa kufukuzwa, kuzomewa, kuitiwa polisi. Alisimama katikati ya makofi, akajiona amefungiwa kuliko alipokuwa ndani ya chuma.

Akamtazama yule mwanamke wa suti nyeupe.

"Bi Hargrave, unataka kuinunua hii?"

"Sasa zaidi kuliko jana."

"Basi ijaribu. Ingia."

Bwana Ainslie akaanza kusema jambo kuhusu bima. Bi Philippa alikuwa tayari amevua viatu. Aliingia akicheka, anapunga mkono kwa wapiga picha kama anayepanda farasi wa bembea. Restuta akampa kisu. Josée akafunga, akalichukua tena kreti la ndizi.

Mpini aliuzungusha Restuta mwenyewe.

Ting!

Ndizi ikaporomoka. Ya pili ikafuata. Ya tatu. Ya nne, ya tano, ya sita.

Mdomo wa chini haukutoa kitu.

"Inateleza!" sauti ikasikika ndani. Wageni wakacheka. Ndizi ya kumi. "Subiri! Nimesema subiri!" Wakacheka tena, wachache. Ndizi ya kumi na tano. Ukasikika mgongano, kisha kisu kuanguka, kisha sauti nyingine, ndogo, ambayo haikuwa ya bosi wa mtu yeyote. "Tafadhali. Siwezi kugeuka. Nimebanwa mguu."

Hakuna aliyecheka. Mdomo wa chini ukatoa ndizi moja, nusu ganda, nusu imepondeka, na alama ya damu ya kidole.

Diwani akaketi. Yule mama wa machozi akafunga mdomo kwa mkono. Restuta akaachia mpini, akaenda akafungua mwenyewe.

Bi Philippa Hargrave alitoka kwa magoti. Suti ilikuwa na mistari myeusi kifuani mpaka mapajani, na aliisugua, na kadiri alivyosugua ndivyo ilivyotanda.

"Haitoki hiyo," Restuta alimwambia bila ubaya. "Ni utomvu. Ndiyo maana tunapaka mafuta."

"Nimesoma ukuta," Bi Philippa akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Ile mistari ni siku?"

"Nadhani ni siku."

"Zote?"

 Restuta alikuwa anatazama mkono wa kushoto wa mwanamke yule. Ulikuwa umeshika kifurushi kidogo cha kitambaa cha nta, kimefungwa kwa uzi.

"Kigoda kimepinduka," Bi Philippa akaeleza. "Hiki kilikuwa kimebanwa chini yake." Akakisogeza kwenye mwanga. Juu yake, kwa herufi zilezile za ukutani, kulikuwa na anwani, kama barua inayokwenda posta:

Kwa mwanamke atakayekaa hapa baada yangu.

"Hiyo ni mali ya kampuni!" Bwana Ainslie akaruka.

"Ni mali ya Taifa!" Telesphor naye, ingawa hakusema lipi.

"Kampuni nainunua mimi," Bi Philippa akasema kwa ukali. Kisha akakitazama kifurushi kwa muda mrefu. "Na nimekaa. Lakini si mimi wa kwanza baada yake."

Akamkabidhi Restuta.

Bwana Ainslie aliona mambo yanamponyoka, na mtu wa urithi akizidiwa hukimbilia chakula. Akapiga makofi. Wahudumu wakatoka na sinia, vikombe vidogo vya uji unaotoa mvuke, kijiko cha fedha katika kila kimoja.

"Mabibi na mabwana, Unga wa Ndizi wa Thurlby! Resipe ileile ya mwaka 1884, haijabadilishwa hata punje! Karibuni, karibuni, wakati dada yetu anasoma kumbukumbu zake."

Watu wakapokea vikombe kwa shukrani ya watu waliohitaji kitu cha kushika. Telesphor, kwa kuokoa jahazi la shughuli, akamaliza cha kwanza kwa mkupuo, akapokea cha pili.

Restuta akakata uzi. Ndani zilikuwamo karatasi nne zilizokunjwa, za njano, zimeandikwa pande zote mbili. Mikono yake ilikuwa na mafuta, akaifuta kwenye sketi mara mbili kabla ya kuzigusa. Josée akasogea akasimama bega kwa bega naye.

"Soma kwa nguvu, yaya. Wote wasikie."

Restuta akasoma.

"Dada yangu nisiyekujua. Kama umekipata hiki, basi bado wanafanya hivi, na nakuonea huruma. Sitakueleza habari za mgongo wangu, wako utakueleza. Nataka kukuambia mambo ya maana. Ndizi tunazomenya humu ni za kuwaonyesha wakubwa tu. Wakishaondoka zinamwagwa mto Lea, nimezibeba mwenyewe."

Bwana Ainslie akaacha kutabasamu. Telesphor alikuwa kwenye kikombe cha tatu.

"Katika ule unga hamna ndizi, wala haijawahi kuwamo. Bwana ana magunia yanayoshushwa mlango wa nyuma kila Jumatatu. Nimeyafungua. Nimeona kilichomo. Sijamwambia mtu, maana nina watoto. Kwa hiyo nakuambia wewe: lolote watakalokupa katika nyumba hii, dada, usinywe huo uji."

Vijiko thelathini vikasimama hewani.

Katika ukimya ule mtu alisikika akimeza, na kila shingo ikamgeukia Mwenyekiti wa Umoja wa Watanzania wa Kaskazini mwa London. Kikombe kilikuwa kitupu. Mdomo ulikuwa unang'aa.

"Shemeji," Telesphor akasema, na kwa mara ya kwanza maishani alisema kwa ufupi kweli. "Magunia ya nini?"

Restuta akageuza ukurasa. Akasoma kimyakimya mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akarudia wa tatu. Josée, aliyekuwa anasoma begani kwake, akajishika mdomo kwa mikono miwili.

Restuta akaikunja karatasi taratibu, akaenda akakaa karibu na shemeji yake, akamshika mkono.

"Shemeji," akamwuliza kwa upole sana, "umekunywa vikombe vitatu tu, au na asubuhi ulionja?"

Itaendelea wiki ijayo.